Nilivyozeeka Miaka Kumi kwa Kidole Kimoja

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mudathiri, umekosa adabu! Nimekubeba mgongoni msimu mzima wa mlau, kilimo cha bondeni maji ya mto yakipungua, huku nalima, huku nafukuza nguruwe, wewe unalala tu. Leo una miaka thelathini, una mtoto wa siku moja, ndipo unanishindanisha mimi bibi yako na mgeni. Ukija kusoma daftari hili, usome na hapa: umekosa adabu.

Kisa chenyewe. Jana mkewe Mudathiri, Swaumu, kajifungua salama hospitali ya Mchukwi. Mtoto wa kike. Alhamdulillahi. Ana mashavu, ana sauti. Nikasema palepale ataitwa Mwanahawa, kama mimi. Nilidhani yameisha. Kumbe Bi Muzdalifa naye yupo! Huyu ni bibi yake Swaumu, kateremka kutoka kwao milimani na mikoba mitatu na maneno mengi. Kasema mtoto ataitwa Muzdalifa. Tumebishana tangu Mchukwi mpaka nyumbani hapa Bungu. Dereva wa bajaji katuomba tunyamaze, haoni mashimo.

Leo Mudathiri kachoka. Kasema jina atatoa bibi mwenye umri mkubwa, Alhamisi, siku ya akika. Nikamwambia vyema, leteni vitambulisho. Changu: tarehe moja mwezi wa saba, 1950. Chake: tarehe moja mwezi wa saba, 1950! Huko milimani na huku kwetu, sisi tusio na vyeti wote tulizaliwa asubuhi moja. Mama zetu walishikana mikono?

Jumapili, 3 Agosti

Yasmin kaingilia. Huyu ni dada yake Mudathiri, anachapa barua za watu kwenye steshenari moja Kibiti. Kaja kumsaidia mzazi, kompyuta kaibeba kwapani kama mkate. Kasema umri hautafutwi kwa kelele, unatafutwa kwa mlinganyo. Nikamwambia aseme lugha ya watu.

Kasema umri usiojulikana unaitwa x. Ni kama mwali aliyefunikwa kanga. Humwoni, ila unawaona waliomzunguka. Ukiwapanga vizuri hao, mwali anafunuka. Hapo nikaelewa upesi. Mimi si mjinga. Nilifika darasa la tatu, na kisomo cha watu wazima nilimaliza nikapewa kalamu.

Kwenye kompyuta kafungua kitu cha hesabu kinaitwa Ekseli; ni bonde lililogawanywa majaruba ya mpunga. Juu herufi, pembeni namba, kila jaruba lina jina: A1, A2. Unapanda namba humo. Jaruba la jibu lazima lianze na alama ya sawasawa. Usipoiweka, mashine inakurudishia ulichoandika vilevile, kama mtoto mtundu anayekuiga.

Kaanza Bi Muzdalifa. Mdogo wake ni mwalimu mstaafu, ana cheti, ana miaka sabini. Yeye kamzidi minne. Basi x toa nne ni sabini. Yasmin kaandika =70+4. Sabini na nne. Basi! Hesabu ya kuku.

Zamu yangu. Kwetu aliyezaliwa zahanati ni mdogo wangu Kondo peke yake, yule mvuvi wa delta. Ana karatasi: sitini na moja. Na mama yetu alikuwa akisema kila siku kuwa mwaka ule naolewa mimi, umri wangu ulikuwa mara mbili ya wa Kondo. Nimeolewa miaka hamsini na miwili iliyopita. Marehemu mume wangu angekuwepo angethibitisha.

Yasmin kaandika karatasini: x toa 52 ni sawa na mara mbili ya (61 toa 52). Kahamisha hiki huku, kile kule, kama anapanga vyombo. Kisha A1 kapanda 61, A2 kapanda 52, na A3 kaandika =2*A1-A2. Kabonyeza.

Sabini.

Sabini! Nimeshindwa kwa miaka minne! Bi Muzdalifa kanipiga begani, kasema pole, mdogo wangu. Mdogo wangu! Mchana sikula. Nilikula kidogo.

Jumatatu, 4 Agosti

Yasmin kaenda kisimani. Kompyuta kaiacha mkekani, imefunuka. Nikaketi nayo.

Nikawaza hivi. Aliyekaa sana kwenye ndoa ndiye mzee. Basi niongeze ndoa. Kwenye A2 nikafuta 52, nikaweka 62. Nikabonyeza. Sitini! Nimeshuka! Nusura nipige yowe. Mashine gani hii isiyoheshimu ndoa?

Nikatulia, nikaitazama ile A3. Kumbe ndoa inatolewa, haijumlishwi. Ukiikuza ndoa, mimi napungua. Ukiipunguza, mimi napanda, kama ndoo ukivuta kamba. Haya! Nikaandika 42.

Themanini!

Kwa kidole kimoja! Wengine wanahangaika maisha yao yote kufika hapo. Nimempita Muzdalifa miaka sita na sijatoka jasho.

Yasmin karudi na ndoo kichwani, kaiona, kauliza nani kagusa A2. Nikasema nimekumbuka vizuri, ndoa yangu ni ya miaka arobaini na miwili. Kauliza Bibi una hakika? Nikamuuliza siku ile aliyeolewa ni mimi au yeye. Kashusha ndoo, kaenda jikoni. Watoto wa siku hizi ukiwabana kidogo tu wanakimbia.

Jumanne, 5 Agosti

Siku tamu! Nimetangaza mapema, majirani wakiwa wamekuja kumwona mtoto. Themanini, na mashine ni shahidi. Wamepiga vigelegele. Bi Muzdalifa kanyanyuka mwenyewe kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, kanipisha. Kaniletea na uji. Nikamwambia umepungua sukari. Karudi jikoni. Kidogo nimwonee huruma. Kidogo tu.

Nimeanza kutembelea fimbo. Ni ile ya kufukuzia kuku, lakini inafaa. Kila nikinyanyuka nasema yallah, watu wawili wananishika.

Nimeagiza mtoto aletwe. Nikamwita sikioni, Mwanahawa. Kapiga chafya. Kakubali.

Swaumu kaniuliza kwa upole kama nina uhakika na hiyo themanini, maana jana kaniona napanda dungu, lile banda la kuku la juu ya nguzo, kutafuta mayai. Nikamwambia mzazi anyonyeshe, mambo ya umri atuachie wenye umri.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Tulikuwa uani, wanawake kama kumi, kila mmoja na ungo wake, tunachagua mchele wa pilau ya kesho. Bi Muzdalifa kaniuliza kwa sauti ya asali, mkwe mwenzangu, themanini ukitoa arobaini na mbili ni ngapi? Kabla sijajibu kajijibu, thelathini na nane. Kasema kumbe uliolewa na thelathini na nane, mbona uchumba ulichelewa hivyo, au wachumba walipotea njia? Nyungo zikaanza kucheka. Nikasema nilikuwa nachagua.

Kisha kageuka kwa mwanangu Abdulkarimu. Huyu ndiye baba yake Mudathiri, mtoto wangu wa kwanza, na ndiye mwadhini wa msikiti wetu. Alikuwa anamfunga mbuzi. Bi Muzdalifa kamuuliza, baba, una miaka mingapi? Abdulkarimu bila kufikiri kasema hamsini.

Nyungo zote zikasimama.

Mtoto ana hamsini, ndoa ina arobaini na mbili. Hesabu hiyo hata mbuzi aliipata.

Abdulkarimu kaja mbele yangu, kamba ya mbuzi mkononi. Uso umemshuka. Kasema, Mama, miaka ishirini nawaita watu kwenye swala. Leo naambiwa nilizaliwa miaka minane kabla baba yangu hajakuoa. Kesho nitapandaje mnarani? Sijawahi kumwona vile tangu alipofiwa na baba yake.

Nikazidi kuchagua mchele.

Ndipo Kondo kaingia na tenga la samaki, anatoka delta, hajui lolote. Wakamweleza wote kwa pamoja. Kaweka tenga chini kwa hasira. Kasema dada unanifanya nini? Kijiji kizima kinajua siku unaolewa nililia, nikang'ang'ania kanga yako mpaka wakanibandua kama kupe. Nilikuwa na miaka tisa! Wewe leo unasema ndoa ina arobaini na mbili, basi nilikuwa na kumi na tisa? Dume lenye ndevu, nalia kwenye kanga ya dada? Nina wakwe mimi!

Watu wakaanza kumwangalia ndevu.

Nikamtazama Abdulkarimu. Nikamtazama Muzdalifa. Nikapiga kelele: hamsini na mbili! Ndoa ina hamsini na mbili, baba yako alinioa kwa mahari kamili na mashahidi wawili, wewe ukaja mwaka wa pili, na hii A2 niliigusa mimi!

Yasmin kaandika 52 palepale. Sabini. Abdulkarimu kanikumbatia na kamba yake, mbuzi akavutwa, mbuzi akapanda juu ya mchele. Hapo watu wakacheka mpaka wakalala chini. Kondo naye. Na mimi. Lakini mimi nilicheka kwa lazima.

Alhamisi, 7 Agosti

Akika. Mtoto kanyolewa, kichwa kinang'aa kama yai. Bi Muzdalifa kampakata, kavaa kanga mpya, kaifunga kwa mikunjo ya watu wa mjini. Mudathiri kamwambia haya, bibi mkubwa, toa jina. Katoa: Muzdalifa. Watu wakaitikia. Papo hapo mtoto kaikojolea ile kanga mpya, yote. Mtoto mwerevu sana huyo. Damu yangu.

Abdulkarimu kaadhini adhuhuri kwa sauti ambayo nadhani imefika Ikwiriri.

Pilau nimekula sahani tatu. Mchana ngoma ikapigwa. Bi Muzdalifa kaja kunivuta, kasema inuka mdogo wangu, usinifanye nicheze na upepo. Fimbo nikaitupa. Tumecheza mpaka kilemba chake kikafunguka na mimi nikapoteza kiatu. Kwa mtu wa milimani, kiuno anacho. Sitamwambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Watu wameenda msikitini. Yasmin anakosha masufuria. Nimeketi tena na kompyuta, nimeligundua kosa langu.

Kosa halikuwa kupunguza. Kosa lilikuwa kupunguza kitu kimoja, wengine nikawaacha walivyo! Ndoa ikiwa arobaini na mbili, Abdulkarimu naye apunguzwe kumi, awe arobaini. Kazaliwa ndani ya ndoa, hakuna wa kuuliza. Mudathiri atoke thelathini aje ishirini, itampendeza. Kondo asiguswe! Nimemjaribu: akiwa hamsini na moja, mimi naporomoka mpaka sitini. Kondo abaki alipo, na ndevu zake, na kilio chake avumilie. Ni mwanamume.

Akabaki mtoto. Naye apunguzwe kumi kama wenzake, haki iwe sawa. Mwaka hajafikisha, nikampandia sifuri. Nikaandika =0-10, na alama ya sawasawa sikusahau. Ikatoka kumi yenye kistari mbele.

Nikamwita Yasmin, nikamuuliza kistari hicho ni cha nini. Kaja na povu mikononi. Kasema Bibi, hiyo ni chini ya sifuri. Kwa umri, maana yake imebaki miaka kumi ndipo azaliwe.

Allahu Akbar! Kumbe hajazaliwa! Na asiyezaliwa hana jina. Ya jana ilikuwa pilau tu.

Yasmin, acha kucheka. Acha na hayo masufuria. Nenda kamwambie Bi Muzdalifa arudishe jina, na Mudathiri atafute mbuzi mwingine.