Siku Kombasufuria Alipobakiza Tone

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, nyamazisheni simu zenu na watoto wenu, mpate habari za Kombasufuria, simba jike wa maabara ya orofa ya pili, mwenye koti jeupe, mkamuaji wa dawa ya meno mpaka tyubu ikaomba radhi, asiyebakiza kitu tangu azaliwe!

Adui alikuwa bakteria, kijidudu kisichoonekana kwa macho, lakini jeuri yake, jamani, ilijaza wodi nzima. Kila akipigwa dawa, hugeuka. Dawa tatu zilikwisha kusalimu amri, na watoto sita walilala hoi, mmoja wao binti wa dada yake Kombasufuria. Daktari asingejua dawa ya nne mpaka mashine isome vinasaba vya mwovu huyo, herufi kwa herufi, ionekane kageuka wapi.

Na kibao cha kusomea, kitiwacho sampuli ndani ya mashine, kilibaki kimoja. Cha kabla yake alikiua shujaa mwenyewe: alibonyeza pipeti, kimrija cha kudondoshea sampuli, mpaka tone la mwisho, nyuma ya tone ikaingia hewa, na kiputo kimoja kikamaliza kazi ya wiki nzima.

Feni ikazimwa. Mkuu wa maabara, jabali lenye kitambi, akahutubu mlangoni:

“Ewe binti wa masufuria makavu! Nakusihi kwa roho ya kibao kilichotangulia: leo bakiza!”

“Nibakize, bosi? Mimi? Kwetu tulizaliwa tisa. Ukibakiza, umempa mwenzio!”

“Najua, mama. Bakiza hivyo hivyo.”

Kidole gumba kikashuka vitani. Sampuli ikaingia, ikaingia, likasalia tone dogo kuliko punje ya mtama, liking'aa kwenye ncha. Lo! Miaka arobaini ya ubahili ikakisukuma kidole: maliza, hasara hiyo! Akamkumbuka mtoto anavyomwita “mama mdogo” kwa sauti ya homa. Akaacha. Akachomoa pipeti, akalitupa tone lile huku roho ikimuuma kweli kweli.

Mashine ikasoma. Bakteria alikuwa amebadili herufi moja tu, na daktari akaijua dawa ya nne.

Siku ya tatu mtoto aliketi kitandani, akaomba chakula, akala, akaikomba sahani mpaka ikang'aa.

“Huyu wa kwetu!” Kombasufuria akasema, machozi yakimtiririka.

Basi andikeni, enyi waandishi wa enzi: ukoo ule haujapata kubakiza kitu, ila tone lile.