Uji Wangu Ulisifiwa Bure

Leo nimefedheheka, na Matombo nzima ilikuwepo.

Mnajua nilimlea Mwanaidi, binti wa marehemu mdogo wangu, muda wote alipokuwa mwali ndani. Mnajua pia kwamba alinenepa, kwa sababu nilimwambia kila mtu. (Hata wasioniuliza.) Nilisema ni unga wangu: ndizi mbivu zilizokaushwa, karanga na mzizi nisioutaja. Jirani yangu Bibi Tausi alinipa kuku ili nimpe kibaba cha unga huo.

Alikuwa akilala mchana kutwa na kutetemeka kwa baridi jua likiwaka. Nilimwita mvivu, kisha nikamwongezea uji.

Asubuhi ya kumtoa, shanga za shingoni zilikataa kufunga. Nilizivuta kwa nguvu. "Unanikaba, mama mkubwa," akasema. Nikamwambia huo ndio unono.

Kwa desturi, mwali hutolewa mabegani mwa mjomba. Kaka yangu Shomari, aliyewahi kuwabebea Wadachi mizigo ya vita mpaka Kilosa, akainama.

"Nimebeba masanduku ya risasi. Nitashindwa na mtoto?"

Akasimama, ngoma ikapamba moto. Penye mteremko wa mgombani akateleza, wote wawili wakaketi kwenye matope. Shanga zikakatika.

"Shomari, risasi zilikuwa nyepesi?" akauliza Bibi Tausi.

Nilikuwa bado najisifu ("mnaona uzito huo, ni uji") sista wa misheni alipofika. (Alisema anapita tu.) Alimshika Mwanaidi shingo taratibu, akamwambia ameze mate. Uvimbe ukapanda na kushuka. Wote tukauona. Rovu.

Akamuuliza: unasikia baridi? Unachoka? Ngozi imekauka? Mtoto akaitikia yote. Kisha sista akanigeukia.

"Mama, uji wako hauna kosa. Wala hauna sifa."

Watu wakacheka. Niliangalia shanga chini.

Nawaeleza kama alivyonieleza. Shingoni mna tezi, na kazi yake ni kama kuni jikoni. Kuni zikipungua, mwili unapoa na kuvimba, na chakula kile kile kinageuka uzito. Hapo unga wa kuongeza nguvu haufai kitu. Misheni kuna vidonge vya tezi ya kondoo. Atapewa kidogo kidogo, maana vikizidi moyo huenda mbio.

"Kondoo? Si ataanza kulia kama kondoo?" akasema Bibi Tausi. "Na yule kuku wangu yu hai?"

Nilikuwa nimemla juzi.

Tulipokuwa tunaosha matope, Mwanaidi akaniuliza polepole, "Kwa hiyo sikuwa mvivu?"

"Hukuwa, mwanangu. Kesho nakupeleka misheni mwenyewe."

"Twende jua likishapanda. Nataka kulala."

Nikamfunika khanga mbili. Unga uliobaki nitaupika uji niunywe mwenyewe, na mtu asithubutu kuniambia nimenawiri.