Waridi la Roshani na Kifaa Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kumwagilia: tendo la kufikisha maji kwenye mmea kwa makusudi, kwa kiasi na kwa wakati. Masharti yote matatu yatimie. Maji yakifika bila makusudi, hiyo ni mvua. Makusudi yakiwapo bila maji, hiyo ni dua. Nimeona niliweke wazi jambo hili mapema, kwa kuwa kuanzia leo ndiyo kazi yangu.

Mke wangu ameondoka kwenda kumtunza binti yetu aliyejifungua. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Hakuacha maagizo yoyote kuhusu chakula changu, nguo zangu wala afya yangu. Ameacha agizo moja tu: waridi la roshani lisife. Lilichipuka kutoka tawi la waridi la marehemu mama yake, na tangu msiba ule halijachanua. Alilitazama, akanitazama, akalitazama tena kama mtu anayeagana na mgonjwa. Kikombe kimoja kila asubuhi, akasema.

Kikombe! Nimefundisha mantiki mpaka nimestaafu, leo nikabidhiwe kikombe!

Nimekwenda dukani moja kwa moja na kununua mashine ya kumwagilia: tangi dogo, pampu ya ukubwa wa yai, mrija, na programu ya simu. Muuzaji amenihakikishia kwamba inafanya kazi yenyewe. Nilimwuliza "yenyewe" ana maana gani. Akaniuliza kama nalipa taslimu au kwa simu.

Jumanne, 4 Machi

Jana haikuunganika. Programu ilitaka kusasishwa, sasisho likataka nafasi, na nafasi yote ilikuwa imejaa picha za mjukuu mchanga akiwa amelala. Nimefuta picha zangu nikipokea cheti cha kustaafu. Waridi lijue hilo.

Jambo zito zaidi: nilijigamba. Jirani yangu, tunayetenganishwa naye na reli ya chuma ya roshani, ni mkaguzi wa shule mstaafu. Ndiye aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu akaandika: "Mwalimu anajua mengi, wanafunzi hawajui anachojua." Nikamwonyesha mashine. Akasema hongera, mwalimu, kwa sauti ile ile ya ripoti. Jioni akarudi na ya kwake. Mashine ile ile! Rangi ile ile! Kwa ajili ya pilipili hoho!

Tukakaa kila mmoja upande wake, tumepeana migongo, tukiunganisha. Simu ikanionyesha orodha: Kifaa Namba Moja, Kifaa Namba Mbili. Kijitabu kinamwelekeza mtumiaji atazame kwanza namba iliyobandikwa chini ya kifaa chake. Agizo hilo limeandikiwa watu wasiojiamini. Nikachagua Moja, Mkaguzi akabaki na Mbili. Mimi si wa pili kwa mtu yeyote, hasa kwa huyu.

Alhamisi, 6 Machi

Mashine ina ukaidi. Nabonyeza "Mwagilia": kimya. Programu inaniandikia, "Mmea wako una furaha!" na kunichorea ua linalocheka. Nikainama kuitazama pampu. Haijatikisika. Baadaye, nikiwa napiga mswaki, ikanguruma yenyewe na kulipa waridi maji ambayo sikuyaamuru. Nikaizima kwa simu. Haikuzimika. Ikanyamaza ilipojisikia.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, amepita kumjulia hali "mgonjwa wa dada". Akanikuta nimepiga magoti nikiihoji pampu. Akasema, shemeji, bomba lipo, kikombe kipo, mkono upo. Sasa hapo kimepungua nini? Nikamweleza tofauti kati ya zana na mfumo. Akasema sawa, basi mfumo umchemshie chai.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki. Sauti ikanieleza kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao. Muziki tena. Nikafikiri: kampuni humkawiza anayelalamika, haiwezi kumkawiza anayenunua. Nikakata, nikapiga upya, nikabonyeza kitufe cha mauzo. Binti akapokea kabla sijaiweka simu sikioni vizuri! Nikajitambulisha kama mwenye hoteli anayetaka mashine kwa roshani zake zote, kisha katikati nikapenyeza swali langu. Akasema kwa upole, mzee wangu, izime halafu uiwashe. Kisha akaomba jina la hoteli. Nikakata.

Jumapili, 9 Machi

Tumba! Dogo kama punje ya mahindi, lakini tumba! Nimelipiga picha na kumtumia mke wangu. Amejibu kwa alama ya mshangao, na kwake yeye hiyo ni hotuba.

Sababu naijua. Ijumaa niliandika maoni kwenye ukurasa wa duka: nyota moja, hoja zilizopangwa kwa mfuatano, na tanbihi. Duka likajibu: "Asante kwa maoni yako mazuri! Tunafurahi kwamba umefurahi." Ni dhahiri kwamba hakuna binadamu aliyeyasoma. Hata hivyo, tangu niyaandike, pampu inalinywesha waridi kila alfajiri bila kukosa. Nahitimisha kwamba mashine imeona aibu.

Ili kuitia moyo, nami nabonyeza mara kwa mara.

Mkaguzi kwa upande wake ananung'unika. Vyungu vyake vimefurika, hoho zimesimama majini kama zinavuka mto. Nikamwambia kupitia relini kwamba teknolojia humtambua mtu. Akajibu kwamba ripoti yake ya zamani bado anaisimamia.

Jumatano, 12 Machi

Hatari. Pampu imekuwa kimya tangu Jumatatu. Majani yamejikunja, tumba limeinamisha shingo. Nabonyeza. "Mmea wako una furaha!" Nabonyeza tena. "Mmea wako una furaha sana!" Mwongo mkubwa.

Mke wangu amepiga simu. Hakuuliza habari zangu. Ameniomba nimweleze tumba lina rangi gani. Nimesema ni mapema mno kutoa hukumu. Kisha akasema mama yake alikuwa akilivuta ua la waridi lake karibu na uso kabla ya kunywa chai. Sauti yake ilikuwa imepungua. Nimekosa usingizi mchana kutwa.

Kikombe kipo kwenye sinki, kinanitazama. Kukishika sasa ni kukiri kwamba shemeji alikuwa na hoja, na shemeji ukishampa hoja moja hulali. Badala yake nimeongeza muda wa kumwagilia kwenye programu hadi mwisho kabisa.

Nadharia mpya: hujuma. Kwangu pakavu, kwake mafuriko. Mkaguzi amegundua namna ya kuninyonya maji. Nimenyunyiza vumbi la chaki chini ya reli ili kunasa nyayo zake.

Watu wa mauzo wamepiga kuuliza hoteli ina roshani ngapi.

Alhamisi, 13 Machi

Nyayo zimenaswa. Ni za ndala zangu. Nimenyunyiza upya.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi Mkaguzi ameigonga reli kwa mwiko, suruali ameikunja hadi magotini. Akasema, mwalimu, kama una kinyongo na ile ripoti sema waziwazi, usizizamishe hoho zisizo na hatia. Ameacha kumwagilia tangu Jumatatu, simu hata haigusi, na bado maji yanamfuata hadi sebuleni! Nikasema mdhulumiwa ni mimi, mmea wangu unakata roho. Akasema thibitisha. Nikasema tazama sasa! Nikabonyeza.

Pampu yake ikanguruma nyuma ya visigino vyake.

Akaitoa simu yake mfukoni taratibu, kama mtu anayetoa kalamu nyekundu, akabonyeza. Waridi likanywa.

Nikakigeuza kifaa changu. Chini yake: Mbili.

Shemeji alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni, ameona yote. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akaomba maji. Alipopata pumzi akauliza ni yupi kati yetu aliyesoma zaidi, ili amwonee huruma huyo kwanza. Hakuna aliyejitokeza.

Nikapendekeza tubadilishane papo hapo, kila mtu arudi kwenye mmea wake. Shemeji akaruka. Asiguse mtu kitu! Dada anarudi kesho, tumba limeanza kunyanyuka, nyie mnataka kuliua kwa akili! Imeamuliwa hivi: Mkaguzi atabonyeza alfajiri, mimi sitabonyeza. Ahadi yangu ndiyo ngumu.

Jumamosi, 15 Machi

Amerudi. Alipita sebuleni begi likiwa bado begani, akaenda moja kwa moja roshani.

Limechanua. Jekundu linaloelekea weusi, kama mama mkwe alivyokuwa akilisifia. Mke wangu akalivuta karibu na uso, akakaa hivyo. Nami, kinyume na desturi yangu, nikaahirisha maelezo.

Kisha akauliza nani alilimwagilia. Nikaanza: inategemea tunaelewa nini kwa neno hilo. Upande wa pili wa reli mtu akakohoa. Mke wangu akatutazama wote wawili, akauliza kama kuna mtu amechemsha chai. Mkaguzi akavuka reli, kwa umri ule, na kuacha nyayo safi kabisa kwenye chaki. Ushahidi umechelewa, lakini ni mzuri sana.

Jumapili, 16 Machi

Kikombe kimerudi roshani. Mke wangu amekiweka juu ya pampu. Sina pingamizi.

Somo limeeleweka kikamilifu. Kosa halikuwa kununua mashine. Lilikuwa kununua bila uratibu. Kwa hiyo mimi na Mkaguzi tumeagiza kwa pamoja mashine mbili za kulisha samaki, zenye programu ya simu. Samaki hatuna. Nao tumeagiza. Safari hii kila mmoja atamlisha wa mwenzake kwa makusudi. Orodha itaonyesha tena Moja na Mbili. Ameomba yeye awe Moja. Nimemwambia tutaona. Binti wa mauzo amefurahi kusikia kwamba hoteli inaongeza bwawa.

Limebaki swali moja, ambalo mke wangu anasema halina kazi na shemeji hataki kulisikia. Mkaguzi alifikisha maji bila kukusudia. Mimi nilikusudia bila kufikisha. La kwanza ni mvua, la pili ni dua. Sasa lile ua jekundu pale nje, ambalo hata hivi ninavyoandika limefunguka zaidi ya jana, limemwagiliwa na nani?