Kinga ya Gitaa la Baba Mkubwa

Jumapili, 10 Agosti 2008. Bugendana.

Balaa! Jirani yetu Venansi amekuja mbio na ile simu yake anayoipenda kuliko mke. Ujumbe kutoka Tanzania: Baba Mkubwa Fabiano amepata nafasi kwenye lori la wakimbizi wanaorejea Burundi. Jumamosi anashushwa Muyinga. Nikampokee, na nije na gitaa.

Dada yangu Vumilia akapiga vigelegele. Nami nikashangilia. Halafu nikaingia ndani kulitazama gitaa, furaha ikaniishia.

Gitaa hili Baba Mkubwa alilinunua Tabora kabla sijazaliwa. Rangi ya asali, inang'aa mpaka unajiona meno. Kucha marufuku. Yeye hulipapasa tu kwa nyama ya kidole gumba, halafu analifuta kwa kitambaa na kulirudisha kwenye blanketi. Nilipotangulia kurudi kutengeneza nyumba, alinikabidhi akiogopa lisipondwe kwenye mizigo. Akasema likifika salama bila alama, siku moja litakuwa langu. Mlima mzima, kama wanavyoita kijiji huku, nimeshautangazia kwamba mimi ndiye mrithi. Bila gitaa hili, hapa mimi ni yule wa Tanzania anayechapia Kirundi.

Sasa lina mchubuko. Chini ya tundu, mrefu kama kidole. Ni ule ubatizo wa mtoto wa jirani Paskazia, walikoniita kupiga. Niliona gumba halitoshi, nikachonga kipande cha ndala nikapigia. Watu walicheza! Nani angeacha?

Usilale, Longino. Fikiri.

Jumatatu, 11 Agosti. Bugendana.

Nimefikiri! Nilipokuwa Gitega niliona mpiga gitaa wa harusini. Lake lilikuwa na kibao cheusi chembamba, kimebandikwa chini ya tundu, mahali pale pale. Nikamuuliza ni pambo? Akasema hapana, ni kinga, ili kucha zisichubue rangi.

Kinga! Nibandike kinga juu ya mchubuko. Baba Mkubwa hataona alama, ataona kijana mwenye busara aliyelilinda gitaa kuliko yeye mwenyewe. Nimejipongeza kwa sauti. Vumilia akauliza naongea na nani.

Nimekata kinga kutoka mfuniko wa ndoo yake. Mwekundu. Umbo la jani. Nikabandika kwa uji mzito wa muhogo, kama tulivyobandika karatasi shuleni. Nikaliegemeza ukutani likauke.

Kuku! Walaaniwe kuku wote wa Bugendana! Wamedonoa muhogo mpaka kinga ikaanguka, kisha wakaendelea kudonoa rangi. Sasa kuna mchubuko mmoja na vitundu kama ndui.

Vumilia anautafuta mfuniko. Nimemwambia huku Burundi upepo ni mkali.

Jumatano, 13 Agosti. Gitega.

Nimekuja kwa Radjabu, fundi viatu. Nilimweleza kwa upole kwamba nataka gundi yake kidogo. Alipoona gitaa akarudisha kopo nyuma ya mgongo. Akasema, "Mi niko nafunga soli, sifungi gitaa. Hii kole inakula rangi, attention!" Nikamwambia rangi ya Tabora si rangi ya kawaida. Akauliza niko na hakika. Nikasema mia kwa mia. Akanipa kopo.

Nilipaka. Nikabandika. Ikashika vizuri sana! Nikamcheka Radjabu mbele ya wateja wake.

Baada ya muda kinga ikaanza kutembea. Polepole, kuelekea chini, kama mtu anayetoroka msibani. Nilipoivuta, ikaja na rangi. Mbao nyeupe kabisa, upana wa kiganja. Radjabu aliendelea kushona kiatu huku mabega yakitikisika.

Alhamisi, 14 Agosti. Bugendana.

Sikula. Nalitazama tu. Nampenda yule mzee. Yeye ndiye aliyetulea mimi na Vumilia baada ya baba kufariki, na kitu pekee alichowahi kuniomba ni nisilichubue gitaa.

Jioni nikapita kwa Venansi. Kikundi chake wanatengeneza ngoma mpya. Wanaloweka ngozi ya ng'ombe mpaka inakuwa laini kama nguo, wanalivisha gogo, wanapigilia vijiti, wanaiacha juani. Ikikauka haitoki mpaka kiama. Hakuna gundi! Hakuna uji! Nilikuwa nikisumbuka bure.

Nikamwomba vipande viwili vya ngozi vilivyobaki. Akauliza ni vya nini. Ikabidi niseme. Akashika kichwa. "We Longino, ngozi ikikauka inavuta. Ngoma iko na tumbo ya mti. Gitaa yako iko na tumbo ya karatasi."

Wivu huo. Anajua kinga ikikaa, sherehe zote zitaniita mimi na si ngoma zake. Nimevichukua vipande, nimemshukuru kwa tabasamu la mtu mzima.

Ijumaa, 15 Agosti. Bugendana.

Nimelegeza nyuzi, nikalivisha gitaa kipande kimoja chini yake, tumbo zima. Nimetoboa tundu, nimefunga kamba mgongoni. Kinga kubwa namna hii hata yule wa harusini hana! Jua la kiangazi, safi. Kipande cha pili nimekiacha kwenye ndoo ya maji ya Vumilia, huwezi kujua.

Mchana, nikiwa kivulini, nilisikia: kwaa!

Halafu tena: kwaa!

Tumbo la gitaa limebonyea. Ngozi imekakamaa, haivuliki. Nimepiga uzi mmoja ukajibu: bu. Venansi alisimama kwenye uzio wetu. Nilimwambia ndivyo nilivyotaka.

Jumamosi, 16 Agosti. Muyinga.

Nimepanda pikapu ya mahindi, gitaa ndani ya kitenge. Njia nzima nilitunga maneno. Kwamba ni mtindo wa hapa. Kwamba ni kosa la Venansi. Kwamba kuku.

Malori yakaingia na vumbi. Baba Mkubwa akashuka, mdogo kuliko nilivyomwacha. Aliinama akashika udongo. Kisha akasimama akanyoosha mikono. Akauliza gitaa liko wapi.

Nikafunua kitenge. Nikasema tu kwamba nilitaka kulikinga.

Aliligeuza. Akagonga ngozi kwa kidole. Bu. Akacheka mpaka akakohoa, akakaa juu ya godoro lake. Akaomba kisu, akakata kamba, akabandua ngozi pamoja na rangi yote iliyobaki. Akakaza nyuzi. Halafu akapiga. Si kwa gumba! Kwa kucha zote tano, kwa nguvu, mbao inalia na kupasuka, na akina mama waliokuwa wamekalia mizigo wakainuka kucheza.

Sijawahi kumsikia akipiga hivyo. Nikamuuliza, na rangi je? Akasema kule ukimbizini alikuwa analitunza tu. Alitaka lije lichakae nyumbani.

Nililia. Nilisema ni vumbi.

Jumapili, 17 Agosti. Bugendana.

Baba Mkubwa anapiga gitaa uani tangu asubuhi. Sauti mbaya, watu wamejaa. Venansi yuko na ngoma yake kando, hata kunisalimia amesahau.

Mzee amenipa baiskeli aliyokuja nayo. Mpya, ya bluu. Amenishika bega akanitazama machoni. Akaniambia niiendeshe, nisiichunge, vitu ni vya kutumika. Nikaitikia. Nimemwelewa kabisa, yule mzee ana hekima.

Ila hii rangi ya bluu ni laini mno. Nimeigusa kwa kucha kidogo tu, ikabaki alama. Akiiona atasikitika.

Kile kipande cha ngozi bado kiko kwenye ndoo. Kimelainika vizuri sana. Na baiskeli ni chuma, ngozi itaivutaje?