Viatu vya Kwenda Pekupeku

Jumatatu, 1 Machi 1909. Munich.
Wasichana watatu wamerudisha dukani kwangu viatu vya bale. Havijavaliwa hata siku moja. Wote ni wanafunzi wa Bi. Leontine, yule aliyeitoroka bale akaanzisha densi yake mpya. Anaingia jukwaani pekupeku, bila hata mkanda wa kubana kiuno, anajibwaga sakafuni kama aliyeangusha funguo. Ana wanafunzi thelathini. Akivua, wanavua. Mke wangu Kreszenz ananishauri nizoee, matarishi wa posta nao wana viatu. Babu alishona viatu vya satini, baba alishona satini, mimi nibandike soli za matarishi!

Jumanne, 2 Machi.
Nimemwandikia padri barua bila jina. Miguu mitupu mbele za watu, katika mji wa Kikatoliki!

Jumatano, 3 Machi.
Padri amenijibu. Mimi! Anadai karatasi ilinuka gundi. Amehesabu sanamu za watakatifu kanisani: kumi na wanne, na hata mmoja hana kiatu. Anauliza kama ningependa kuja kuwapima.

Alhamisi, 4 Machi.
Afadhali leo. Bi. Leontine amechomwa na kibanzi cha sakafu. Amefungwa kitambaa na Obermaier, mfamasia wa ng'ambo ya barabara. Tangu densi hii ianze, marhamu yake inakwenda kama mkate wa moto, na kila asubuhi ananipungia mkono dirishani. Mshenzi.
Nimemwahi bibi. Nitamshonea kiatu ambacho si kiatu: ngozi laini ya mbuzi, rangi ya mwili, vidole vimechorwa juu. Alinitazama sana.
"Bwana Zirngibl, mguu wangu unataka kuisikia sakafu."
Nikamwambia sakafu imeshasema nao vya kutosha. Akacheka. Atavivaa kwenye onyesho la Jumamosi. Vikimfaa, wanafunzi wote thelathini watashonewa kwangu. Visipomfaa, matarishi.

Ijumaa, 5 Machi.
Nimechora kutwa. Hadi kucha za vidole! Kreszenz kaja, kautazama mguu wa kushoto, kafungua mdomo. Nikamwambia asinivuruge. Akarudi jikoni. Sikukupenda kutazama kule.

Jumamosi, 6 Machi.
Sita. Mguu wa kushoto una vidole sita.
Nani aliyegundua? Obermaier, safu ya pili, na darubini yake.
"Jamani, hebu hesabuni wa kushoto."
Ukumbi ukahesabu. Bi. Leontine naye akainama akahesabu. Kisha, katikati ya densi, akavivua akavirusha. Kimoja kimenipata sikioni. Watu wakasimama kupiga makofi. Walidhani ndiyo densi yenyewe!

Jumatatu, 8 Machi.
Gazeti linasema bibi ametupilia mbali karne nzima. Sikio langu halikutajwa.
Mchana kaja dukani mwenyewe. Anataka jozi kila onyesho, za kurusha. Vidole sita, tafadhali, kama vya Jumamosi. Nimemkatalia. Zirngibl hashoni viatu vya kurushwa. Akavuka barabara kwa Obermaier, ambaye kumbe shemeji yake ni fundi viatu. Kreszenz hasemi nami.
Si kitu, bahati bado ninayo. Jirani yetu anayeshona mikanda ya kubana kiuno anauza duka zima kwa bei ya kutupa. Ati wanawake wameanza kuiacha. Mjinga! Kesho asubuhi naenda kutia sahihi, kabla Obermaier hajasikia.