Mkojo Safi wa Ndolo

Ndolo hakuwa daktari, lakini koti jeupe lilimkaa vizuri kuliko madaktari wengi. Asubuhi hiyo, kwenye foleni ya wagonjwa wanaongoja kuwekewa magoti ya bandia katika hospitali moja ya Machakos mjini, alimwona Susu Kavutha, bibi kizee wa Katangi: fimbo mkononi, jogoo mnene ndani ya kikapu chake cha kyondo. Ndolo alimpenda yule jogoo papo hapo.

"Susu, mbona uso umekunjamana?"

"Nimerudishwa nyumbani mara mbili, mwanangu. Mara sukari iko juu, mara niko na jino mbovu. Eti uchafu unapita na damu mpaka kwa goti mpya, nayo inaoza. Leo wanapima mkojo tena. Nikirudishwa, harusi ya mjukuu nitaenda nikibebwa."

Ndolo akachomoa kichupa mfukoni. "Huu ni wangu, wa leo asubuhi. Mimi hata kuumwa kichwa sijui. Wapelekee huu, unipe jogoo."

Tusimlaumu haraka. Kuna watu huuza viwanja vya wenyewe. Ndolo angalau aliuza mali yake halali.

Kavutha akapokea kichupa. "Jogoo ni baada ya majibu."

"Hakuna shida." Ndolo akamaliza chupa nzima ya maji, akakimbilia choo. Akarudi, akanywa soda mbili, akakimbia tena. Kavutha akamwonea huruma. Yeye mwenyewe ugonjwa wake ulianza hivyo hivyo.

Kwenye dirisha la maabara akampa muuguzi, Sista Mbithe, vichupa viwili. "Hiki ni changu mwenyewe. Hiki ni cha yule kijana wa koti jeupe, anayemaliza maji yote ya mji."

Baada ya saa moja Sista akatoka. "Kavutha! Mkojo safi, sukari imeshuka. Miezi mitatu bila chai tamu, na jino ukakubali ling'olewe! Jumatatu unapata goti lako."

Kavutha alilia kwa furaha. Ndolo naye alikuwa tayari ameingiza mkono kwenye kyondo. "Si nilikuambia, susu? Lete jogoo."

"Na wewe," Sista akaukamata mkono ule ule, "mkojo wako ni asali tupu. Lete kidole."

Aiya! Mashine ya sukari ikasoma ishirini na sita, juu kupita kiasi. Koti likatundikwa msumarini, Ndolo akalazwa, akawekewa dripu.

"Hutoki hapa mpaka vipimo viwe safi," Sista akamwambia.

Kavutha akapita kumuaga, jogoo wake akiwika kwenye kyondo. "Pole, mwanangu. Na soda uache."

Ndolo akangoja waondoke wote, kisha akamgeukia mzee wa kitanda cha pili.

"Mzee," akanong'ona, "mkojo wako uko sawa? Niko na koti moja safi sana hapa."