Jukwaa la Chumba cha Mbele

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu amesema chumba cha mbele lazima kianze kuleta pesa. Mwisho wa mwezi akipata mpangaji, atampa. Paa la jikoni linavuja na mshahara wake wa ukarani haufiki huko juu. Kasema kwa upole. Upole wake ndio unaonitisha, maana akifoka huwa bado hajaamua.

Chumba chenyewe: mabenchi mawili, kigoda changu, dirisha la barabarani. Tangu nifiwe na mume wangu, watu huja humo kupiga soga kutwa nzima. Bila chumba hicho mimi ni bibi wa kitandani, wa kuulizwa kama ameshakunywa dawa.

Mkwe wangu, fundi simu, akasema huku anatazama sahani kwamba kuna watu wanafungua majukwaa mtandaoni. Watu wanaingia, wanabishana, matangazo yanapita katikati yao, mwenye jukwaa analipwa. Nikamwuliza, analipwa kwa sababu watu wanabishana? Akasema ndiyo, mama.

Miaka yote hii watu wanabishana kwangu bure, na chai juu. Nimejiona zuzu.

Jumanne, 4 Juni

Jukwaa limefunguliwa. Jina: Chumba cha Mbele. Picha yangu iko juu kabisa, nimevaa kitambaa cha zambarau.

Mkwe akaniuliza masharti. Wenzetu wanaweka masharti ishirini, kasema. Nikamwambia langu ni moja. Anayeingia aamkie watu, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Aitikiwe. Aulize hali za nyumbani. Ndipo aseme lililomleta. Asiyefanya hivyo namtoa nje.

Mkwe kaandika. Kasema sawa, mama. Huyu kijana hajawahi kunikatalia jambo. Nilimchagulia binti yangu vizuri, ingawa yeye anadai alimchagua mwenyewe.

Shule sikuingia. Herufi nilizifahamu kwenye mifuko ya unga na makopo ya rangi, ndiyo maana naandika kubwakubwa.

Alhamisi, 6 Juni

Watu wamejaa. Mada niliyoweka: je, mume anayekoroma ahamishwe chumba? Hakuna aliyeifikia. Kila wakikaribia kumaliza kusalimiana anaingia mtu mpya, wanaanza upya. Shikamoo, marahaba, miguu je, miguu hivyohivyo, mtoto kashapona kikohozi, kashapona. Kutwa nzima. Simu imepata moto mpaka nikaiweka dirishani.

Mkwe amesema kwa heshima zote kwamba bado hakuna mjadala. Nikamwambia hayo yote aliyoyasoma ni nini, mapambo?

Jioni nikaona dereva mstaafu wa nyumba ya kona hajaitikia marahaba tangu asubuhi. Si kawaida yake, yule huitikia hata redio. Nikavaa viatu nikaenda. Nimemkuta na homa, anatetemeka, mlango hakuufunga. Nimemgombeza, nimemfunika, nimemnywesha supu kwa kijiko mpaka akaomba nimwache apumue. Kumbe jukwaa lina faida. Nimemwambia binti yangu. Akauliza faida ya pesa je? Nikamwambia asiniharakishe.

Jumamosi, 8 Juni

Mshona mapazia ameingia jukwaani. Huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, rafiki yangu wa damu na adui yangu wa kila siku. Amewasalimia wote, mimi kaniruka. Nilipomwuliza dirishani akasema hakuniona. Picha yangu ni kubwa kama mlango.

Nimemtoa nje, alale huko mpaka kesho.

Jumatatu, 10 Juni

Hakusubiri kesho. Kafungua jukwaa lake. Kaliita Sema Lolote. Halina sharti hata moja, na vijana wamehamia huko kama nzi.

Nikajiandikisha kwa siri, jina Kijana Mtanashati, nipeleleze. Wanatukanana humo mpaka nikaficha simu chini ya mto. Mmoja kamwita mwenzake kichwa cha pasi. Sikuchangia. Niliingia, nikawaamkia, nikatoka.

Mshona mapazia kagonga ukuta papo hapo. "Bibi wee, toka kwangu!" Kanigunduaje, sijui. Mkwe anasema miongoni mwa watu wote waliopita mle, ni Kijana Mtanashati peke yake aliyeuliza hali za miguu yao.

Alhamisi, 13 Juni

Mungu mkubwa. Muuza magodoro wa barabara ya pili amekuja. Kaamkia vizuri, kakaa benchi, kauliza hali ya paa. Kasema amesikia jukwaa langu lina watu watulivu wenye umri, na watu wenye umri ndio wenye migongo. Anataka kutangaza kuanzia Jumatatu. Atakacholipa mwisho wa mwezi kinatosha kodi ya chumba.

Binti yangu kampigia mwenyewe kuhakikisha. Kisha kaja kukaa nami kitandani. Kasema akilipa huyu, mama, chumba ni chako, sitakitaja tena. Kanishika mkono. Nimemwambia asinililie, nguo safi hii.

Kisha nikatoka uani nikaanika shuka moja kwa muda mrefu sana, mpaka mshona mapazia akatokea nikamweleza.

Jumamosi, 15 Juni

Mabenchi matupu. Wote wako kwao wanasalimiana simuni. Nimekaa kigodani peke yangu, nikawaitikia watu ambao zamani nilikuwa nawamiminia chai. Binti kapita akachungulia, akaniuliza kama nimeshakunywa dawa.

Jumatatu, 17 Juni

Leo mjane wa mtaa wa nyuma amefanikiwa. Kawasalimia wote bila kukatizwa, kaitikiwa, ndiye mtu wa kwanza kuifikia mada. Kaandika kwamba marehemu alikuwa anakoroma na yeye alikuwa anamsukuma kwa kiwiko, na sasa usiku nyumba ikiwa kimya hawezi kulala. Jukwaa zima likanyamaza. Nikafuta macho.

Katikati ya kimya kile akaingia mtu: MAGODORO MAGODORO BEI YA KUTUPA LALA KAMA MFALME.

Hodi hakuna. Salamu hakuna. Mbele ya mjane.

Nikamfuta. Akarudi na maneno yaleyale. Nikamfuta. Akarudi. Nikabonyeza pale mkwe aliponionyesha, pa kumfungia mtu mlango milele.

Mkwe kaja mbio na soksi moja. Akasema mama, lile lilikuwa tangazo. Nikamwambia tangazo nalo lina mwenyewe, na mwenyewe alilelewa. Akasema mama, hilo ndilo lililokuwa linatulipa. Akakaa chini, sakafuni.

Nikamwambia basi alirudishe, ila kwanza limwombe mjane radhi.

Jumatano, 19 Juni

Mkwe kaenda kwa muuza magodoro na pendekezo langu. Tangazo lianze: Shikamooni wazee, hamjambo vijana, mmeamkaje, migongo inasemaje. Liitikiwe. Ndipo liseme bei. Muuza magodoro kauliza watu wangapi wataitikia kabla halijafika kwenye bei. Mkwe, kwa kuwa ni mkweli, kamwambia.

Amehamia Sema Lolote.

Binti hakufoka. Kaosha vyombo vyote, hata visafi.

Jumatano, 26 Juni

Habari za ukutani. Kule Sema Lolote wameyatukana magodoro. Mmoja kasema yamejazwa manyoya ya paka, mwingine kasema paka mwenyewe. Biashara imekufa, muuza magodoro kajitoa, mshona mapazia kaambulia mto mmoja tu wa kulalia. Sasa naye kalifunga jukwaa, maana watu walipomaliza kutukana magodoro walianza mapazia.

Nilitaka kucheka. Nikamsikia analia upande wa pili. Nikagonga ukuta nikamwuliza miguu je. Akasema hivyohivyo.

Jumapili, 30 Juni

Chumba kimepata mpangaji. Muuza magodoro. Magodoro hayauziki, anahitaji pa kuyaweka. Mabenchi yamepelekwa uani. Nimekaa kitandani. Dawa nimekunywa, kabla ya kuulizwa.

Jumatatu, 1 Julai

Asubuhi nimesikia sauti chumba cha mbele. Nimeingia. Magodoro yamepangwa mpaka dirishani, na juu yake wamekaa dereva mstaafu, mjane, na mshona mapazia na mto wake. Wamesema wamekuja kujaribu magodoro. Wameyajaribu kutwa nzima. Mshona mapazia kaniamkia mimi kwanza, mbele za watu, na kwa sauti. Nimemwitikia na chai.

Muuza magodoro hakutufukuza. Kaamkia, kasimama, katafakari. Kasema kama nitakubali kumtajia bei kila anayeingia, nikae humo siku zote, na paa la jikoni atalitengeneza yeye. Binti yangu kacheka. Mwezi mzima sijayaona meno yake.

Nikakubali. Kazi rahisi.

Saa kumi akaja mteja wa kwanza, pesa mkononi. Kasimama mlangoni, kasema: "Hili kubwa bei gani?"

Nimemwambia atoke, aingie upya.

Katoka. Hakuingia. Hasara yake, sijui atalala wapi na tabia ile. Muuza magodoro kaketi sakafuni, palepale alipokaa mkwe.

Kesho namwambia mkwe tufungue jukwaa jingine. La kwanza kosa lake nimeshaliona. Salamu zilikuwa fupi.